Mwaka uliochongwa chini ya Hummel si mwaka wa kutengenezwa

SWALI: Naishi Stuttgart. Mama mkwe ameniachia sanamu ya Hummel, mvulana aliyeketi chini ya mwavuli. Chini pamechongwa 1957 na namba 152/0 A, na kuna muhuri wa neno Goebel, yaani kampuni iliyoitengeneza, lenye nyuki juu yake, pamoja na W. Germany. Muuzaji mmoja anasema ni ya 1957, ya bei kubwa, ila kwanza niiloweke kwenye jiki ili nyufa nyembamba zitoke. Je, nifanye hivyo?

JIBU: Usiiloweke, na huyo muuzaji usimsikilize tena. Hummel si kauri halisi (porcelain), ingawa wengi huziita hivyo. Ni udongo mweupe laini uliochomwa, wenye vitundu vinavyonyonya maji chini ya glezi, ule utando unaong'aa kama kioo. Nyufa hizo hutokea kwa sababu glezi na udongo havitanuki wala kusinyaa sawasawa. Jiki hupenya humo na kwenye tundu la hewa, kisha chumvi yake hubaki ndani na kuendelea kuisukuma glezi hadi ibanduke. Ufa haufungwi kwa dawa yoyote. Futa vumbi kwa brashi laini, kisha kitambaa chenye unyevu kidogo, basi.

Sasa huo mwaka, ambao unanichosha kila wiki. Uliochongwa ni mwaka wa hakimiliki ya kalibu. Kalibu ya 1957 iliweza kutoa sanamu miaka mingi baadaye, zote zikiwa na 1957 ileile. Umri husomwa kwenye muhuri: taji lenye herufi WG ni la 1935 hadi karibu 1949, nyuki mkubwa ndani ya V ni wa miaka ya 1950, neno Goebel lenye nyuki juu yake, kama lako, ni la 1972 hadi 1979, neno Goebel bila nyuki linaanzia 1979. Yako ni ya miaka ya 1970, na za wakati huo zipo tele.

Wengine hushika 1871, kwa kuwa kampuni ya Goebel huutaja mwaka huo. Ndio mwaka Franz Detleff Goebel na mwanawe William walipoanzisha kiwanda Oeslau, karibu na Coburg. Hummel zilikuja mwaka 1935, baada ya Franz Goebel wa kizazi cha nne kuafikiana na mtawa mchoraji, Sista Maria Innocentia Hummel wa konventi (nyumba ya watawa) ya Siessen, ambaye michoro yake ndiyo iliyogeuzwa sanamu, na Goebel iliacha kuzitengeneza mwaka 2008. Anayekuuzia Hummel ya 1871 anakuuzia sanamu iliyomtangulia mchoraji wake, aliyezaliwa 1909.

Namba nayo si ya mfululizo wa utengenezaji. 152 ni namba ya muundo wa sanamu. A humtofautisha mvulana na msichana mwenzake, na 0 au II ni ukubwa.

Kabla ya kununua au kuuza, imulike gizani kwa taa ya kuchunguzia noti: rangi na gundi za ukarabati mara nyingi hung'aa tofauti na glezi ya asili. Kagua hasa shingo, vidole na ukingo wa mwavuli, maana ndipo huvunjika. Bei nayo itazame katika minada iliyokwisha, penye fedha zilizolipwa kweli. Kwenye tangazo mtu huandika anachotamani, na likikaa mwaka mzima bila mteja, nawe unalinakili kama ushahidi.