Miti ya Maua Mjini: Chagua Mmoja, Kaa Nao, Ndege Watakuja Wenyewe

Mtu akiniuliza aanzie wapi kutazama ndege mjini, simtumi mbali. Namwambia atafute mti mmoja unaochanua karibu na anapoishi au anapofanya kazi, kisha awe nao tangu ua la kwanza hadi la mwisho. Ndege wa mjini wana haraka, na ukiwafukuzia mtaa kwa mtaa utaambulia kuona mikia yao tu. Mti hauendi popote. Ukishajua chakula kilipo, mlaji huna haja ya kumtafuta.

Ukiwa pale, usiishie kujiuliza "huyu ni ndege gani?" Swali ninalolipenda zaidi ni hili: amefuata nini, na anakipataje? Miti mingi ya mapambo mijini ni migeni pale ilipopandwa. Jakaranda imetoka Amerika Kusini. Mkakaya, ambao wengine huuita mkrismasi, ni wa Madagaska. Ule wenye maua mekundu kama brashi ya kuoshea chupa ni wa Australia. Leo yote mitatu utaikuta kando ya barabara katika mabara mengine kabisa, ikitembelewa na ndege ambao mababu zao hawakuwahi kukutana na maua ya namna hiyo. Kila ndege inambidi abuni njia yake ya kuingia.

Kwa hiyo anza na ua, ndege baadaye. Okota lililoanguka, liweke kiganjani. La mkakaya lina petali tano: nne nyekundu zilizotandazika, na moja iliyosimama, nyeupe au ya manjano, yenye michirizi na madoa mekundu. Ukitazama mti mzima kwa mbali hutaiona kabisa petali hiyo ya tano, na mimi huwaonyesha watu hiyo kwanza, maana mtu akishaona kwamba ua lina mpangilio huanza kuangalia kwa makini zaidi.

Ua linalochavushwa na ndege lina dalili zake. Mara nyingi ni jekundu au la rangi ya chungwa, hufunguka mchana, halina harufu ya kusema, na lina nekta, yaani maji matamu ya ua, nyingi na nyepesi. Kuna sababu. Nyuki hawaioni vizuri rangi nyekundu, ndege wanaiona vizuri sana, na ndege wengi hawategemei pua kutafuta chakula. Kinyume chake, ua jeupe linalonukia sana jioni linawaita nondo. Plumeria, kwa mfano, ina harufu inayokufanya usimame, lakini maua yake hayana nekta hata tone; huwahadaa nondo wakayachavusha bure. Mtu anaweza kukaa chini yake wiki nzima akingoja ndege wa nekta, na akangoja sana.

Mti ninaoupendekeza kuliko yote, kama upo ulipo wewe, ni kibobakasi. Asili yake ni misitu ya Afrika ya kitropiki, lakini umepandwa mijini karibu kila mahali penye joto. Maua yake ni makubwa, mekundu yanayoelekea chungwa, yenye ukingo wa manjano, na yamekaa wima mfano wa vikombe. Katika kichala kimoja yanafunguka ya pembeni kwanza. Katikati hubaki machipukizi ya kahawia yaliyopinda, ambayo ukiyaminya yanarusha maji. Ndege husimama juu ya machipukizi hayo, akainama nje na kunywa kwenye vikombe vinavyomzunguka. Mvua ikinyesha, vikombe hushika maji, na hapo hata ndege asiyejali nekta anaweza kuja kunywa. Tazama anavyogeuka hapo hapo bila kuruka, ua baada ya ua, hadi amalize duara.

Sasa angalia namna wanavyokula. Chozi, wale ndege wadogo wenye mdomo uliopinda, wana ulimi mrefu wenye umbo la mrija, uliogawanyika nchani. Ua likiwa la saizi yao, huingiza mdomo kwa mbele na kutoka na chavua usoni. Ua likiwa refu kupita mdomo, chozi hutoboa tundu dogo karibu na kikonyo na kunywa kwa nyuma. Huo ni wizi kamili, maana ua limetoa nekta na halikuchavushwa. Ukiokota maua marefu chini ya mti na kukuta yana tundu au mpasuko kwenye shina la ua, mwizi alipita, hata kama hukumwona.

Ndiyo maana nasisitiza mtu atazame chini pia. Tokyo, micheri inapochanua, vinengenenge na shore, wenye midomo myembamba, hunywa nekta bila kuliharibu ua. Shomoro wana mdomo mfupi, mnene, usioweza kufika ndani, basi hulikata ua zima kwenye kikonyo, hulitafuna shinani penye utamu, kisha huliachia lianguke. Kasuku wa kijani wenye pete shingoni, ambao leo wanazaana porini Tokyo na London, hufanya vivyo hivyo. Ua la mcheri lililokomaa na kupukutika kawaida huacha petali mojamoja. Ukikuta maua yake mazima yametapakaa ardhini, bado mabichi, inua kichwa taratibu: kuna mdomo mnene unafanya kazi huko juu.

Si kila mgeni amefuata utamu, wala si kila utamu unamfaa kila mgeni. Kwenzi na jamaa zake hawana kimeng'enya cha kumeng'enya sukrosi, yaani sukari ya aina ile ya mezani, kwa hiyo hufaidi maua yenye glukosi na fruktosi, sukari zilizo sahili zaidi. Hivyo ukiona kwenzi wamejaa kwenye mti fulani na kuupita mwingine ulio jirani, huenda tofauti iko kwenye aina ya sukari. Halafu kuna walamba, weusi, wenye mkia uliochanwa. Huyo hukaa kwenye tawi lililo wazi pembeni na hana habari na ua. Anawangoja nyuki. Mara anachomoka, anadaka, anarudi palepale. Ukimwona akirudi tawi lilelile, acha kila kitu umtazame. Dakika chache za mlamba zinafundisha mengi kuhusu wadudu wa mti huo.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Darubini iliyoandikwa 8x42 inatosha. Namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Kilicho muhimu zaidi ni pa kusimama. Jua liwe mgongoni mwako, la sivyo kila ndege atakuwa kivuli cheusi. Mjini kuna neema moja ambayo msituni haipo: roshani, ngazi za nje, madaraja ya waenda kwa miguu. Kutoka huko unatazama kilele cha mti uso kwa uso. Nenda asubuhi mapema, maua yakiwa yamejaa nekta na kelele za magari hazijaanza kuwafunika ndege. Miti inayochanua ikiwa haina majani, kama mwamba ngoma na mara nyingi jakaranda, ndiyo bora kwa anayeanza, kwa sababu ndege hana pa kujificha.

Tahadhari moja kuhusu kutambua ndege. Chavua hubadilisha sura. Ndege mwenye paji la manjano au la chungwa anaweza kuwa ni yule yule wa jana aliyetoka kuzamisha uso kwenye maua. Na madume ya baadhi ya chozi hupoteza rangi zao za kung'aa nje ya msimu wa kuzaliana, wakafanana na majike. Usikimbilie kutaja jina. Andika umbo la mdomo, alivyokula, alikaa sehemu gani ya mti, kisha jina litafutwe nyumbani. Ukipenda kumbukumbu zako ziwafae watafiti pia, ziingize kwenye eBird, mfumo ulioanzishwa mwaka 2002 ambao hupokea orodha za watazamaji wa kawaida kutoka duniani kote.

Ukikaa na mti muda wa kutosha utagundua kwamba una mwenyewe. Dume mmoja wa chozi anaweza kuushikilia mti mzima, au upande wake mmoja, akimfukuza kila anayesogea. Australia jambo hili limekuwa kubwa zaidi: ndege mmoja wa kijivu anayeitwa noisy miner hukaa kwa makundi na kuwafukuza ndege wadogo kabisa, na bustani zilizojaa grevilea (mimea ya maua ya huko) za kisasa zenye maua makubwa na nekta ya mwaka mzima humpa nguvu. Kwa hiyo mti wenye nekta nyingi mno, ukiwa peke yake, unaweza kuwanufaisha wababe tu. Anayepanda na achanganye, aweke na vichaka vizito ambamo ndege mdogo anaweza kujificha.

Na kwa wanaopanda nina mawili ya kuongeza. Maua yaliyozalishwa yawe na petali tele yanapendeza, lakini mara nyingi petali hizo za ziada ni stameni, yaani sehemu za ua zinazotoa chavua, zilizogeuzwa, na ndege hapati kitu hapo. Mimi nisingeupa mti huo nafasi pekee uani. Pili, kibobakasi nilichokisifu hivi punde kimo katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, hasa kwa sababu ya kusambaa kwake kwenye visiwa vya Pasifiki. Kitazame kwa raha pale kilipo, ila nje ya Afrika usikipande. Tafuta mti wa asili ya eneo lako.

Usipige sauti za ndege kwenye simu ili wajitokeze. Dume huacha kula na kulinda kiota akimtafuta adui asiyekuwepo. Usinyunyize dawa ya wadudu kwenye mti uliochanua, maana dawa zile zinazopita ndani ya mmea hufika hadi kwenye nekta. Na maua yakiisha, watu wa kupogoa wakaja na misumeno yao, waombe wakupe nafasi ya kukagua matawi kwanza. Kiota cha chozi ni kifuko kinachoning'inia, kimeshonwa kwa nyuzi za buibui na vipande vya majani makavu, na mtu aliye juu ya ngazi hukidhania takataka. Waonyeshe kilipo, na uwaombe tawi hilo walirudie vifaranga wakishatoka.