Bia hapana, tembo la mnazi sawa

Dada, umeuliza kama mtu asiyekula gluteni, ile protini iliyo kwenye ngano, anaweza kunywa pombe akija kwetu Tanga. Anaweza, ila bia ya kawaida uiache kabisa, hata kopo moja. Inapikwa kwa shayiri, na shayiri ina gluteni kama ngano. Tembo la mnazi halina nafaka: mgema anakata ncha ya karara, utomvu unadondokea kwenye kibuyu na kuchacha wenyewe. Asubuhi bado tamu, jioni kali. Mvinyo wa zabibu pia sawa. Kitafunwa ndicho cha kuangalia sana! Mdogo wangu, ambaye naye hali gluteni, aliugua siku mbili kwa mhogo uliokaangwa kwenye karai lililotoka kukaanga sambusa za unga wa ngano. Siku hizi tunaagiza wa kuchoma.