Kwa maafisa lishe wapya: angalieni kinachofika kwenye damu

Ukiripoti kituoni utakabidhiwa bango la makundi ya vyakula na jedwali la viinilishe. Vitumie, ila kumbuka vinaeleza chakula kabla hakijaliwa. Mchicha unaweza kuwa na madini ya chuma ya kutosha kwenye jedwali, na mama anayeula kila siku akaendelea kuwa na damu pungufu.

Madini ya chuma ya kwenye nyama, maini na samaki hufyonzwa vizuri, kama asilimia 15 hadi 35. Ya kwenye maharage, nafaka na mboga za majani yako katika umbo jingine, na hufyonzwa asilimia 2 hadi 20. Kazi yako iko hapo, kati ya 2 na 20, maana sehemu kubwa inategemea kilicholiwa pamoja nayo, na hilo familia inaweza kulibadilisha bila kuongeza hata shilingi.

Anza na chai. Watu wengi hushushia wali maharage kwa chai ya rangi. Tanini za chai huyashika madini ya chuma tumboni, na kikombe kimoja kinaweza kupunguza ufyonzwaji kwa zaidi ya nusu. Usimwambie mtu aache chai. Hataacha, na mengine utakayosema hatayasikia. Mwombe aisogeze tu, saa moja au mbili baada ya kula. Kwenye sahani yenyewe akamulie ndimu, au ale pera au chungwa papo hapo. Vitamini C husaidia ikikutana na chakula tumboni. Chungwa la jioni halifanyi kitu kwa maharage ya mchana.

Kwa vidonge vya FEFO (madini ya chuma na asidi ya foliki) wanavyopewa wajawazito, ukiuliza "unameza?" utajibiwa ndiyo. Uliza "unamezea nini?" Utasikia chai, utasikia maziwa, na vyote viwili hupunguza ufyonzwaji. Maji yanatosha. Kisha ulizia udongo wa pemba, bila kukunja uso. Wajawazito wengi hula udongo huu na hawasemi, kwa hiyo tangulia wewe kusema kwamba unasikia habari hizo mara kwa mara. Udongo unaweza kushika madini ya chuma kabla utumbo haujayapata, na unaweza kuja na mayai ya minyoo. Hamu hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, basi anayekiri apimwe wekundu wa damu siku hiyo hiyo.

Maharage na nafaka vina fitati, ambazo hufunga chuma na zinki. Kuloweka usiku kucha na kumwaga maji huzipunguza. Kuotesha na kuchachusha hupunguza zaidi, ndiyo maana togwa na uji wa kimea ni vyakula vya kuvitetea. Unga wa lishe wa nafaka saba na soya mbichi siupendi kabisa. Mama ametumia hela yake akiamini vingi ndiyo bora, kumbe amerundika fitati kwenye kikombe cha mtoto. Nafaka moja iliyooteshwa, na dagaa waliosagwa, vinamfaa zaidi. Viazi lishe na karoti navyo vinahitaji mafuta kidogo au nazi ili vitamini A iingie.

Utumbo wenye njaa ya chuma hufyonza pia madini ya risasi kwa wingi, kwani hayo mawili hupitia mlango mmoja. Mtoto mdogo anaweza kufyonza karibu nusu ya risasi anayomeza. Mtu mzima ni kama sehemu ya kumi. Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, ambazo zina risasi, kilichofungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Watoto wa pale walicheza kwenye udongo uliochafuliwa na risasi hiyo.

Kwa hiyo ukikutana na mtoto mwenye damu pungufu, uliza wazazi wanafanya kazi gani. Anayefungua betri au kukwangua rangi za zamani zenye risasi abadilishe nguo na kunawa kabla ya kumbeba mtoto. Mshauri kuhusu chakula, halafu mwandikie mtoto rufaa kwa daktari akapimwe risasi kwenye damu, kwa sababu sumu ya risasi iliyokwisha kuingia haitolewi kwa maini wala mchicha.