Re: Daktari anataka nisimamie meza mbili mu bloku (chumba cha upasuaji)

Jambo mdogo wangu wa Bukavu, nimekusoma. Wanakuomba ulaze mgonjwa wa henia na dawa ya usingizi kisha umuache uende kuchoma mama wa sezariene (kuzaa kwa upasuaji) sindano ya ganzi ya mgongo chumba cha pili, na unaogopa kukataa juu uko mupya. Minakuelewa, na mimi nilifanyaka hivyo hapa Goma, kurudi nakuta kuran (umeme) ilikatika, oksimetre ya kupima oksijeni ya damu imezima, vidole vya mgonjwa buluu na hakuna mtu aliona. Alipona, lakini ile siku sikukula.

Usimuache hata dakika 5, oksijeni ikishuka ubongo unaharibika haraka sana. Kanuni za OMS (shirika la afya duniani) na shirikisho la dunia la wanaanestezi (wataalamu wa dawa ya usingizi) za 2018 zinataka aliyelaza mgonjwa abaki naye mwanzo mpaka mwisho. Ila usibishane mbele ya meza, ongea asubuhi wakati wa kupanga programu ya operesheni: dokta, tupange moja nyuma ya ingine, sezariene ikiwa ya haraka henia ingoje. Ikikushtukiza katikati, ita mwenzako hata kama yuko repo (mapumziko).

Wakiendelea kukulazimisha, andikia daktari mkurugenzi, ubaki na kopi. Na betri za ile oksimetre ndogo ya kidole, nunua mwenyewe tu.