Nilivyoambiwa nimekuja kufungua saluni

Jumapili usiku nilipata ujumbe wa kijana mmoja wa Tanga. "Shikamoo dada. Mimi ni mtoto wa mvuvi. Nina onyesho langu, nasimama ndani ya wavu wa marehemu babu ufukweni na kusimulia maisha yake saa nzima. Nimepeleka maombi kwenye tamasha, nimejibiwa kwamba hii si ngoma wala si igizo, nirudi nikiwa na kikundi. Nifanyeje?"

Nimeusoma mara tatu. Hayo maneno ya "nirudi nikiwa na kikundi" yalinichoma, kwa sababu na mimi niliambiwa maneno ya namna hiyo miaka mitatu iliyopita na mpaka leo hayajanitoka. Nilianza kumjibu kwa ujumbe mfupi, ukakataa kuwa mfupi. Basi nauweka hapa, maana najua mko wengi mnaotaka kufanya kitu ambacho hakina jina.

Kwa wasioijua kazi yangu: nasuka nywele mbele ya watu. Mtazamaji mmoja anakaa kwenye mkeka, mimi nakaa kwenye kigoda nyuma yake, namsuka twende kilioni huku nasimulia habari za mama yangu. Mama alikuwa msusi. Kina mama wa Pwani hawana haja ya kuelezwa twende kilioni ni nini, lakini kwa vijana: ni ile mistari inayotoka kwenye paji la uso kwenda kisogoni, nywele zako mwenyewe bila rasta. Unasukwa haraka msiba ukitokea, kwa sababu siku hiyo hakuna nafasi ya mapambo. Nusu ya mtaa wetu walipita kwenye magoti ya mama wakienda kulia. Siku aliyofariki yeye, mimi nilikuwa Dar es Salaam. Nikafika Bagamoyo usiku, kichwa timutimu. Alfajiri shangazi alinikalisha chini akanisuka kabla jeneza halijatoka. Hakusema neno. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka, na mstari wa tatu ulipinda. Onyesho langu lote limetoka kwenye mstari ule.

Sasa hayo yajaze kwenye fomu. Nilipeleka maombi kwenye tamasha moja kubwa, sitalitaja. Fomu ilikuwa na visanduku vinne: ngoma, muziki, sarakasi, maigizo. Nikatia alama kwenye maigizo. Aliyenipokea akauliza wahusika ni wangapi. Nikasema ni mimi na mtazamaji mmoja anayesukwa. Akageuka kuwatazama wenzake, wakacheka, akaniambia, "Dada, hii saluni. Tafuta fremu ukodi." Nilipanda daladala nikiwa nimeishika fomu mkononi, nikashuka kituo ambacho si changu. Na jioni ile ile msanii mwenzangu, mtu niliyewahi kula naye sahani moja, akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba nimeenda kufungua saluni kwenye tamasha. Watu wakaweka alama za kicheko. Nilizihesabu. Zilikuwa 19.

Nikarudi kwetu. Bagamoyo mtu akilelewa hawezi kukwepa sanaa. Chuo cha Sanaa kilianzishwa 1981, tangu 2007 kinaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na tamasha lake limekuwa likiwaleta wasanii mjini tangu miaka ya mwanzo ya 1980. Utoto wetu ulikuwa ni kuchungulia mazoezi ya wanafunzi pale ufukweni, tukirudi nyumbani tunapiga ndoo za mama zetu mpaka zinapasuka. Mwaka ule ratiba ilikuwa imeshajaa na mimi hata kuomba nilikuwa nimechelewa, kosa langu mwenyewe. Lakini niliwahi kusoma habari za Edinburgh, kule Scotland, kwamba 1947 lilipoanza tamasha lao kubwa, vikundi 8 vya maigizo vilifika bila kualikwa, vikatafuta kumbi zao pembeni na kuonyesha kazi zao. Leo hilo tamasha la pembeni, Fringe, linajulikana dunia nzima. Hawakungoja kisanduku kwenye fomu. Nami nikasema nitakuwa pembeni.

Mwaka wa kwanza nilianguka, na naomba hapa msiruke. Nilitaka kuonekana msanii kamili. Nikakodi kipaza sauti kwa shilingi 60,000, taa mbili, nikachapisha vipeperushi, nikapanga onyesho saa moja usiku kwenye kiwanja cha wazi, kwa sababu maonyesho ya maana hufanyika usiku. Walikuja watu saba. Dakika kumi baadaye ngoma zikaanza upande wa ukumbini, ngoma za kweli, zile zinazokuingia tumboni, na kipaza sauti changu kikawa kama mbu. Nikaongeza sauti. Nikaanza kupayuka habari za kifo cha mama yangu. Umeme ukakatika, watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwa adabu, na msichana aliyejitolea kusukwa akabaki kwenye mkeka amesukwa nusu ya kichwa. Gizani, kwa kutumia tochi ya simu, sikuweza kuzigawa njia. Akaniambia, "Basi tu dada, nitamalizia nyumbani," akajifunga kanga kichwani akaondoka. Nililala kwa shangazi bila kula. Yule msichana alinisumbua usiku kucha kuliko fedha zote nilizopoteza.

Mwaka uliofuata nauruka, ulikuwa wa barua na kungoja majibu, hauna la kumfaa mtu. Isipokuwa siku moja. Nilikwenda kwa jirani yetu mmoja muuza mihogo, bi mkubwa aliyesukwa na mama miaka mingi, nikamwonyesha onyesho zima barazani kwake, mjukuu wake akiwa ndiye anayesukwa. Nilipofika katikati ya sehemu niliyoiandika vizuri kuliko zote, akanikatiza: "Mstari umepinda huo." Nikaendelea. "Nimesema umepinda. Mama yako angekupiga kitana." Majirani wawili waliokuwa wanapita wakasimama, mmoja akavua viatu akapanda barazani, akanionyesha mama alivyokuwa anakiweka kidole gumba. Wakaanza kusimulia wao. Aliyemsuka nani siku gani, nani alilia mpaka akashindwa kukaa kichwa wima, nani alisukwa bure kwa sababu mume ndiye aliyekufa na mwenye fedha alikuwa yeye. Mimi mwana sikuwa nayajua hayo. Nilikaa kimya nasuka, na machozi yananidondokea kwenye mafuta ya nazi.

Pale nilielewa kwamba nilikuwa nimekosea saa na nimekosea kiti. Kusuka ni kazi ya asubuhi, ya barazani, ya sauti ya chini. Mimi nilikuwa nimeibeba nikaipeleka usiku kiwanjani, nikaitia taa na kipaza sauti, halafu nikashangaa kwamba imekufa.

Ndugu zangu, hili ndilo ninalowaombeni mlishike. Onyesho la ajabu lina saa yake na mahali pake, na mara nyingi ni saa ile ile na mahali pale pale kazi hiyo inapofanyika kila siku. Lifanyie hapo. Langu sasa linaanza saa nne asubuhi na linakwisha kabla ya saa tano, mbali kabisa na adhana ya adhuhuri, wakati vikundi vikubwa bado vinakunywa chai. Linachukua dakika 45 kwa sababu mistari minane ya twende kilioni mkononi mwangu inachukua dakika 45. Sipimi kwa saa tena. Mstari wa nane ukifika kisogoni, habari imekwisha. Watazamaji ni 12, kwa sababu baraza linachukua 12. Nimewahi kushawishika kuongeza mabenchi hadi uani, nikakataa, kwa maana aliye uani hasikii kitana kinapopita.

Na habari ya upepo, ambayo hakuna mtu aliyewahi kunifundisha. Ukiwa karibu na bahari, keti wewe upande unakotoka upepo, watazamaji wako upande unakokwenda. Bagamoyo alasiri upepo unatoka baharini, kwa hiyo mgongo wako uwe baharini, upepo ukubebee sauti. Wengi wanafanya kinyume kwa sababu wanataka bahari iwe mandhari ya picha, wakimaliza wanalalamika koo.

Vibali sitavieleza kwa urefu, ila usividharau. Mwone mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mwone afisa utamaduni, jisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Kuwa pembeni siyo kujificha. Mimi mwenyekiti nilimwalika kwenye mazoezi, akaja na mkewe, na tangu siku hiyo kila asubuhi ya onyesho yeye mwenyewe ndiye anayewaambia vijana wa bodaboda wazime injini wakipita.

Mwaka huu nilifanya maonyesho sita. Kuanzia la pili wanawake walikuja na vitana vyao. Kikapu cha ukili nilichoweka mlangoni kilitoka na shilingi 214,000 kwa jumla, kutoka kwa watu waliotuza kama wanavyotuza kwenye taarabu, bila mtu kukatiwa tiketi. Siku ya tano alipanda barazani msichana mmoja, sikumtambua, akajitupia kanga begani akakaa kwenye mkeka kabla sijauliza nani anajitolea. Akasema, "Wewe una deni langu. Nusu ya kichwa." Nilishindwa kuanza. Bi mkubwa wa mihogo ndiye aliyeniambia, "Mgawie njia mwenzio, watu wanakungoja."

Najivunia. Nasema wazi kwamba najivunia, kwa sababu wale 19 walicheka wazi.

Na wanaosema kazi kama hizi si zetu, ni mambo ya Wazungu, wanaidharau historia yao wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Penina Muhando, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaenda Malya, Mwanza, wakakaa na wanakijiji, na maigizo yakatokana na ngoma zao wenyewe na mambo yaliyowauma, mimba za wanafunzi yakiwamo. Hapakuwa na pazia. Pemba kuna kibati, watu wanajibizana papo kwa papo huku ngoma inalia, na hakuna anayejua jibu litakuwa nini mpaka litoke. Hao waliandikiwa kisanduku na nani? Tuliozaliwa kwenye mabaraza tunaambiwa sanaa ni lazima iwe na jukwaa lililoinuliwa, na sisi tunakubali! Acheni kukubali. Acheni kubadilisha kazi yenu ili ipate jina kwenye fomu ya mtu. Ukiambiwa leta kikundi, na kazi yako ni ya mtu mmoja, usiende kuokota watu wa kujaza mkeka. Nimeona wasanii wawili wazuri wakifanya hivyo, kazi zao zikapoteza ladha, na nafasi yenyewe hawakupata.

Jambo jingine, simu. Kwenye baraza langu hakuna anayepiga picha. Mwanamke aliyetoka kufiwa akikaa kwenye mkeka wangu, kichwa chake si cha kurushwa mtandaoni. Nimepoteza wafuasi kwa ajili ya hilo, na sitabadilisha.

Sasa wewe mdogo wangu wa Tanga. Saa nzima ufukweni, ndani ya wavu, ni nzuri sana, lakini ufukwe una mwenyewe. Kabla ya kutangaza siku, tazama maji. Kutoka kupwa hadi kujaa ni zaidi kidogo ya saa sita, na kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50, kwa hiyo saa nne ya Jumamosi hii siyo saa nne ya Jumamosi ijayo. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji yanakwenda mbali mno na yanarudi kwa kasi. Watazamaji wako watalowa kabla babu yako hajaoa. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari imetulia, anza hapo. Waulize wavuvi ni saa ngapi wanakaa kushona nyavu zao, uanze saa hiyo, kando yao, bila kipaza sauti, mgongo kwenye upepo. Watu kumi wanatosha.

Umeniandikia pia kwamba wavu una matundu na unataka kuushona kwanza uwe safi. Usiushone. Njoo nao hivyo hivyo, uzi na sindano vikiwa mfukoni, na uanze kuziba tundu moja huku unasimulia. Akitokea mzee akakwambia unakosea, akanyoosha mkono aichukue sindano, mpe.