Umeme umerudi, kompyuta imegoma: ni mazabodi kweli?

SWALI: Habari za kazi kaka fundi. Nina kasteshenari kadogo hapa Morogoro, nachapa na kutoa kopi, kompyuta yangu ni Dell OptiPlex 9020 ya mtumba. Juzi umeme ulikatika tuko katikati ya kazi, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi, na tangu hapo sipiyu haiwaki kabisa, nabonyeza kitufe wapi, hakuna feni hakuna taa, kimyaaa. Monita yenyewe inawaka. Fundi wa mtaani kaja kaitazama kidogo tu kasema mazabodi imeungua niandae laki mbili. Humo ndani kuna CV za watu na mitihani ya shule, nitavipata kweli? – Mama Steshenari, Morogoro

JIBU: Pole sana dada. Hiyo laki mbili iache kwanza kwenye pochi, maana mtu akikwambia mazabodi (ile bodi kuu ya ndani) imeungua bila hata kuipima pawa saplai (kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya mashine) huyo anabahatisha, na anabahatisha kwa hela yako.

Kuhusu faili, usikose usingizi. Mashine kutowaka haimaanishi hadidiski imekufa, mara nyingi iko salama, inachomolewa inachomekwa kwenye kompyuta nyingine na faili zinakopiwa kama kawaida. Kwahiyo hata kama mwenye mtihani kakukalia kooni, hiyo unaweza kuifanya leo leo kabla hata ya matengenezo.

Sasa tuanze na vya bure. Umesema monita inawaka, safi, chukua kebo ya monita uichomeke kwenye sipiyu maana kwa monita nyingi kebo ni ile ile, na uichomeke kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja, achana na ekstensheni. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani, umeme wa kurudi kwa fujo unaweza kuikata, na hapo ungenunua mazabodi bure kabisa. Ikikataa bado, chomoa kebo, shikilia kitufe cha kuwashia kama nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe, chomeka ujaribu tena. Usicheke, hii huwa inafufua mashine nyingi, pawa saplai ikistuka na umeme inajifunga yenyewe mpaka uichomoe.

Hapo kama bado, geuza mashine uangalie nyuma pale kebo inapoingia. Dell za aina yako zina kakitufe kadogo pembeni na kataa kadogo (yaani taa ndogo), wengi hawakajui. Kebo ikiwa imechomekwa, kabonyeze. Kataa kakiwaka kijani, pawa saplai inafanya kazi na tatizo liko mbele zaidi. Kasipowaka usihukumu bado: chomoa kebo ya umeme, fungua kava la ubavuni, chomoa plagi zote za pawa saplai zinazoingia kwenye mazabodi, kisha rudisha kebo ya umeme na ubonyeze tena. Kakiwaka sasa, basi pawa saplai ni nzima ila kuna kitu ndani kina shoti kinaivuta chini. Kakigoma hata hapo, pawa saplai imekufa, na kwa jinsi umeme wako ulivyocheza mimi dau langu naliweka hapo.

Ukienda kununua beba ya zamani mkononi!! 9020 plagi yake kubwa ina pini 8, hizi za kawaida madukani zina pini 24, haziingii bila adapta. Na ule mchezo wa kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwa klipu ya karatasi mnaouona YouTube ni wa zile za pini 24, kwenye yako usijaribu. Pia asikudanganye mtu muifungue pawa saplai yenyewe mbadilishe kapasita hapo dukani, mle ndani kapasita zinabaki na volti zaidi ya 300 hata kebo ikiwa imechomolewa.

Na kama kataa kalikuwa kijani toka mwanzo? Chomoa umeme, gusa chuma cha boksi, toa ram (vile vijikadi vya kumbukumbu) zote, zifute miguu kwa ufutio wa penseli, rudisha moja tu. Betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu kwenye mazabodi, nayo itoe dakika chache uirudishe. Kitufe cha mbele kikianza kuwaka rangi ya chungwa hiyo ni hatua, umeme unafika. Vyote hivi vikigoma, haya, sasa mazabodi inaweza kushukiwa.

Siku nyingine umeme ukikatika chomoa kabisa, urudi utulie kwanza ndo uchomeke. UPS ndogo (kifaa chenye betri kinachoshika mashine umeme ukikatika) kwa biashara yako si anasa.

SWALI: Bro, shemeji kaniletea desktop toka Marekani, nimechomeka tu ikapiga paah na harufu ya kuungua, haiwaki tena. Nimeua? – Kijana wa Tanga

JIBU: Umeua pawa saplai, mengine yanaweza kuwa yamepona. Tazama nyuma, kuna kaswichi kekundu? Nina hakika kameandikwa 115, huko kwao umeme ni volti 120, sisi 230. Saplai zenye hicho kaswichi lazima ukasogeze 230 KABLA ya kuchomeka, zisizonacho nyingi zinajirekebisha zenyewe, ila soma lebo. Nunua nyingine, ya pini 24 haisumbui kupatikana. Na kama shemeji alileta na printa usiiguse, soma nyuma yake kwanza, ikiwa imeandikwa 120V tu tafuta transfoma.