Uzi Ukilegea, Nzi Amekwisha

Juzi usiku nilipata ujumbe kutoka kwa dada mmoja ambaye amekuwa akinisoma kwa muda, naye hufunga nzi wa kuvulia, yaani chambo bandia cha manyoya yanayofungwa kwa uzi kwenye ndoano. Aliandika: "Kaka, nzi wangu wanapendeza wakiwa kwenye kisanduku, lakini nikirusha mshipi mara kumi tu, manyoya yanaanza kuzunguka kwenye ndoano kama pete kwenye kidole chembamba. Gundi nimebadilisha mara tatu. Nifanyeje?"

Niliusoma mara mbili. Maneno hayo ningeweza kuyaandika mimi mwenyewe miaka minane iliyopita, ila wakati ule sikuwa na wa kumwandikia. Dada, gundi yako haina kosa. Tatizo ni uzi, na zaidi ya uzi wenyewe ni namna unavyoushika.

Niwasimulie kwanza yaliyonipata.

Mwaka wangu wa kwanza wa kufunga nzi nilikaa wiki tatu nikitengeneza kumi na wawili kwa ajili ya mzee mmoja tuliyekuwa tukivua naye. Nilitaka kumshukuru, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifundisha kurusha. Nilichagua manyoya moja moja, nikapaka vichwa vanishi mara mbili mpaka vikang'aa. Akafurahi, akafunga wa kwanza kwenye mshipi wake palepale mtoni. Jioni alinirudishia kisanduku. Ndani mlikuwa na nzi tisa wazima na ndoano tatu karibu tupu, moja ikiwa imebaki na kipande cha uzi kinachoning'inia. "Mwanangu," akasema, "hawa watundike ukutani." Tulikuwa na wenzetu wanne pale. Walicheka.

Mzee hakuwa na nia mbaya, nalijua hilo. Lakini hadi leo naikumbuka sauti ya kile kisanduku kikifungwa.

Nyumbani sikulala. Nilichukua wembe nikaanza kuwafumua wale tisa waliobaki, mzunguko mmoja baada ya mwingine. Baadaye sana ndipo nilipokuja kujua kwamba Megan Boyd wa Scotland, yule mama aliyesifika kwa nzi wake wa samoni, alijifunza hivyo utotoni: alipewa nzi waliokwisha kufungwa, akawafumua na kuwafunga upya kwenye ndoano ndogo zaidi. Mimi nilifanya kwa uchungu tu. Kwenye mkia wa nzi wa kwanza nilihesabu mizunguko thelathini na moja. Thelathini na moja! Nilipoisukuma kwa ukucha, yote iliteleza kwa pamoja kama soksi. Nilikuwa nimeweka uzi mwingi kwa sababu hakuna hata mzunguko mmoja niliokuwa nimeukaza.

Kwa nini sikukaza? Kwa sababu niliogopa kuukata. Mwanzoni uzi ulinikatikia mara nyingi nikakasirika, basi mkono ukajifunza woga. Nadhani wengi mnaosoma hapa mna mkono huohuo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomwambia kila mtu ni hili: kata uzi makusudi. Weka ndoano tupu kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani kinachoshika ndoano, anza uzi, zungusha mara tano, kisha vuta taratibu mpaka ukatike. Rudia mara kumi. Ndoano itapinda kidogo kwenye jiliwa, uzi utaanza kunyooka, na kabla tu ya kukatika utauhisi umekuwa mgumu kwenye kidole. Hapo, chini kidogo tu ya hapo, ndipo unapotakiwa kufanyia kazi kila unapofunga kitu. Mizunguko mitatu iliyokazwa kiasi hicho hushika kuliko ile thelathini na moja yangu.

Miezi iliyofuata niliharibu ndoano nyingi; sitawachosha nayo.

Kilichonichukua muda mrefu zaidi kukielewa ni kubana. Ukiweka manyoya juu ya ndoano na kuzungusha uzi uliokaza moja kwa moja, uzi huyaburuta manyoya hadi upande wa pili. Huo ndio mwanzo wa mkia uliolala ubavuni. Dawa yake ni kitanzi legevu. Shika manyoya juu ya ndoano kwa kidole gumba na cha shahada. Pandisha uzi kati ya kidole gumba na manyoya, ukiwa umelegea. Uvushe juu, uteremshe upande wa pili, kati ya manyoya na kidole cha shahada. Sasa una kitanzi kidogo kilichofichwa ndani ya vidole vyako, hakijagusa chochote kwa nguvu. Bana vidole, kisha vuta. Kitanzi kinashuka wima na kuyakandamiza manyoya palepale yalipo. Usiachie vidole. Rudia mara ya pili, na ya tatu, ndipo uachie. Wengi huachia baada ya mara ya kwanza ili waone kama imekaa. Usiangalie! Bana, zungusha, vuta. Bana, zungusha, vuta.

Halafu kuna msokoto. Hili hakuna aliyeniambia, na nilipoligundua nilisimama nikatembea chumbani. Kila unapoizungusha bobini, kile kishikio cha kibiringo cha uzi chenye miguu miwili na mrija, kwenye ndoano kwa mkono, uzi unaongezeka msokoto mmoja. Baada ya mizunguko thelathini unashika kamba ndogo ya duara badala ya uzi bapa. Uzi bapa hulala kama utepe, haujazi. Uzi uliosokotwa hujenga matuta, na kitu chochote utakachofunga juu ya matuta kitayumba. Ukitumia mkono wa kulia, iache bobini ining'inie, kisha izungushe kinyume cha saa ukiitazama kutoka juu. Utauona uzi ukifunguka na kutanuka mbele ya macho yako. Chini ya taa hata mng'ao wake unabadilika. Msokoto nao una kazi yake: ukitaka uzi uume mahali padogo sana, kwa mfano kwenye kiungo cha mabawa, usokote kwanza. Cha muhimu ni wewe kuamua, si bobini.

Bobini yenyewe ichague kwa jambo moja: ining'inie bila kuachia uzi, lakini ukivuta, itoe. Ikigoma, panua miguu yake kidogo; ikiachia ovyo, ibane. Ncha ya mrija wake iwe karibu na ndoano, sentimita mbili au tatu. Uzi mrefu hauongozeki. Uzi ukikukatikia bila sababu, chunguza mdomo wa mrija kama una kikwaruzo, kisha chunguza ncha ya ndoano, maana uzi ukiigusa hata kidogo, nywele moja ya uzi inanyanyuka na nguvu imekwisha.

Kuhusu aina za uzi nitasema kidogo. Zamani watu walitumia hariri. Leo wengi wetu tunatumia nailoni au poliesta. Nailoni hunyumbuka, na hilo humsaidia anayeanza kwa sababu humpa onyo kabla ya kukatika. Poliesta hainyumbuki kiasi hicho. Kuna na nyuzi za polithilini, zenye nguvu ya kushangaza kwa wembamba wake, nzuri kwa nywele za kulungu zinazotaka kukazwa sana, lakini zinateleza na zinahitaji nta. Unene hupimwa kwa denia: uzi wa denia 70 maana yake mita 9,000 za uzi huo zina uzito wa gramu 70. Amini denia kuliko zile namba nyingine za unene, kama 6/0 na 8/0, kwa sababu watengenezaji hawakubaliani juu yake. Denia 70 hutosha kwa nzi wadogo, 140 kwa wakubwa. Basi.

Wengine huniandikia kuuliza wanunue jiliwa gani. Ndugu zangu, Lee Wulff wa Marekani, aliyefariki mwaka 1991, alikuwa akifunga nzi kwa vidole tu, bila jiliwa kabisa. Tunapenda vifaa kwa sababu vifaa vinanunuliwa, ila mkazo wa uzi haununuliwi. Unaukalia. Kijana anayefunga nzi watano kwa wiki huku akiusikiliza uzi atampita mwenye meza iliyojaa vifaa anayefunga hamsini kwa haraka. Nimewaona wote wawili, na najua nani samaki wake wanafika ukingoni.

Kichwa nacho kiheshimuni. Acha nafasi nyuma ya tundu la ndoano tangu mwanzo, angalau urefu wa tundu lenyewe, la sivyo fundo la mwisho litapanda juu ya tundu na mshipi hautapita. Malizia kwa fundo la kujifungia, yaani uzi unaozungushwa juu ya sehemu yake mwenyewe, la mizunguko minne au mitano, ukikaza kila mzunguko, kisha vuta mpaka uzi uzame. Vanishi ije baadaye. Vanishi hulinda fundo zuri, haiokoi fundo baya. Dada, hapo ndipo gundi zako tatu zilipopotelea.

Jumamosi iliyopita nilivua kwa nzi mmoja tangu asubuhi hadi jua lilipozama. Trauti kumi na wanne, nzi yuleyule. Manyoya yalikuwa yamechakaa, bawa moja limebaki nusu, lakini kichwa kilikuwa kama nilivyokiacha mezani, na mkia haukusogea hata kwa upana wa uzi. Nilimtoa kwenye mshipi nikamshika kiganjani kwa muda mrefu. Nilimfikiria yule mzee. Alishafariki, sikuwahi kumwonyesha nzi mwingine, na hilo linaniuma kuliko kicheko cha siku ile.

Dada, wiki hii usifunge nzi hata mmoja. Kata uzi mara kumi kama nilivyoeleza. Kisha chukua ndoano moja kubwa, funga mkia peke yake, kwa mizunguko isiyozidi mitano, na uusukume kwa ukucha. Ukigoma kuzunguka, niandikie. Ukizunguka, niandikie pia, na unitumie picha ya karibu ya pale uzi unapoanzia.